Samaki wa Bwana Ramani

Geita, 2 Mei 1937

Kwa mke wangu Zuwena binti Feruzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, nimefika Geita salama. Lori la Maganga lilituzimikia kabla ya Segese tukalala porini, lakini mwili ni mzima. Nisalimie mama, mwambie mafuta ya miguu yake nayatafuta.

Sasa nisikilize habari za samaki, maana niliondoka kwa haraka na wewe ulikuwa umenuna, hukusikia neno hata moja.

Bwana Ramani, yule mzungu mchora ramani niliyekuwa nikimpangia meza, amekwisha panda meli kwenda kwao Ostrelia kwa likizo. Hao samaki wa upinde wa mvua alitoka nao huko kwao, akavuka nao bahari akiwatunza kuliko masanduku yake ya nguo. Huyu bwana mpya aliyeingia katika nyumba hawataki. Asema nyumba si mto. Ndiyo sababu nikakuletea wewe Shinyanga. Bwana Ramani atarudi mvua za kwanza, na kabla ya kuondoka aliniambia mbele ya karani: "Sabiti, mimi rudi, mimi ona samaki mtoto, wewe pata nyumba ya matofali, leta bibi." Zuwena, nyumba za matofali hapa ni za wenye wake zao. Sisi wengine tunalala kambini kama magunia. Unaniuliza kila barua ni lini utakuja. Jibu ni hilo: samaki wakizaa, tunakaa pamoja.

Basi, maji usiyamwage yote kwa mara moja. Punguza kidogo, ongeza kidogo, na yale mapya yalale kwanza ndani ya debe. Wafunike kwa wavu, maana huruka. Ugali usiwape. Wape viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye madimbwi. Majani ya maji yawemo siku zote. Jua la asubuhi liwapate, la mchana lisiwapate.

Na jambo kubwa. Humo mna makabila mawili. Kuna wenye rangi, wenye mapezi marefu na mistari myekundu ubavuni. Na kuna wengine wamepauka kama maji ya mchele, mapezi mafupi. Bwana Ramani aliniambia: "Hii moja, hii ingine, weka mbali." Kwa hiyo wenye rangi wabaki katika lile sanduku la kioo, waliopauka watie katika ule mtungi mpana wa mama. Wakichanganyika watazaa watoto wa mchanganyiko, na yule bwana ni mtu wa kupima kila kitu kwa rula. Hatapenda.

Ni mimi mumeo,
Sabiti bin Akida


Shinyanga, 25 Mei 1937

Kwa mume wangu Sabiti bin Akida,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo. Mama miguu ni ile ile. Mtungi wake ameutoa kwa shingo upande, na kila akichota maji katika debe anataja jina lako.

Nimefanya ulivyosema. Wenye rangi wamo katika kioo, waliopauka wamo katika mtungi. Kazi ya kuwatenganisha imenichukua asubuhi nzima, vitumbua vikaenda stesheni vimepoa, na gari la moshi la Mwanza likapita Mwamvua, mwenzangu wa kuuza, akiwa peke yake na kikapu. Niliporudi alinihesabia vilivyobaki kimoja kimoja. Ningependa angenigombeza.

Mmoja amekufa. Aliruka kabla sijapata wavu, kuku wa jirani akamwona kabla yangu. Usinigombeze, kwa sababu wavu uliosema utaununua mwenyewe hukuununua.

Watu wanakuja kuwatazama. Nyamizi, yule mama Msukuma anayetuletea maziwa, alisimama hata maziwa yakaanza kuchacha. Akaniuliza, "Mayu, mama yangu, hawa wanaliwa?" Nikamwambia hawaliwi. "Basi wanauzwa?" Hawauzwi. Akasema, "Sasa mbona wewe ndiye unayewatafutia chakula?" Nikampokea maziwa.

Sabiti, ulikaa hapa siku chache, na siku hizo zote ulikuwa umeinamia lile sanduku. Miaka minne umenioa. Mimi nilitaka kukueleza mambo yangu, ukaniambia, "Ngoja, wasije wakashtuka." Nimengoja, ukapanda lori. Sasa nawalisha mimi, maana nimesikia habari ya nyumba ya matofali, na kwa nyumba hiyo nitalisha hata mamba. Lakini ujue kwamba nimekasirika.

Ni mimi mkeo,
Zuwena


Geita, 19 Juni 1937

Kwa mke wangu Zuwena,

Salamu sana. Nimeumia kwa yule aliyekufa. Alikuwa mwenye rangi au aliyepauka? Hukusema. Habari za samaki lazima ziwe kamili, siyo nusu nusu.

Watu wasiwe wanakuja. Mwambie Nyamizi aache maziwa mlangoni. Na sasa baridi ya kipupwe imeingia, hao ni samaki wa nchi ya joto. Weka kandili karibu na kioo alfajiri, lakini isigusane nacho, kisije kikapasuka.

Kazi hapa si nzuri. Bwana mpya hula peke yake na hupiga kelele peke yake. Akitaka chai hasemi chai, hugonga meza. Bwana Ramani alikuwa akinieleza habari za mito ya kwao huku nikimfutia viatu, nusu nasikia, nusu sisikii. Huyu hata jina langu hajaliuliza.

Uvumilivu, mke wangu. Niandikie zaidi. Wanafanya nini? Wanakula vizuri?

Mumeo,
Sabiti


Shinyanga, 22 Julai 1937

Kwa mume wangu Sabiti,

Salamu. Aliyekufa alikuwa mwenye rangi. Basi, habari imekamilika.

Kandili nimeweka. Mafuta ya taa yanakwisha kabla ya mwezi kwisha, kwa hiyo jioni tunakula gizani ili samaki wa Bwana Ramani waone joto asubuhi. Mama anasema tangu azaliwe hajasikia samaki anayeota moto akiwa bado hai.

Wanakula vizuri kuliko sisi. Umeniuliza wanafanya nini, nitakuambia. Jua likiingia dirishani wanakuwa kama wamelewa. Wale wenye rangi husimama mmoja mbele ya mwingine, wanafungua mapezi yote, na katika kichwa hushuka mstari unaong'aa, unawaka na kuzimika. Wanazungukana, wanasukumana, wanatishana. Halafu jua linapanda, kila mmoja anajificha majanini kama watu waliomaliza ugomvi sokoni. Siku nyingine nimechelewa vitumbua kwa kuwatazama. Wale wa mtungini hawana mambo. Wanakaa tu, na matumbo yamewajaa.

Lakini hawazai, Sabiti. Nimepekua majani yote kwa kidole. Hakuna kitu. Jana mama mkubwa wako alikuja kutoka Tabora, akatazama kioo, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe hata samaki wa nyumba hii ni hivyo hivyo." Mama yako aliinama akajifanya anafunga kanga. Mimi nikaenda uani, nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sitaki uniambie uvumilivu. Niambie hivi: katika wale wenye rangi, jike ni yupi? Ninawaona wote sawa. Lazima Bwana Ramani alikuambia. Kumbuka. Na yeye ameandika au bado?

Mkeo,
Zuwena


Geita, 30 Agosti 1937

Kwa mke wangu mpenzi Zuwena,

Salamu nyingi sana. Nilichelewa kujibu, kazi ilizidi.

Mama mkubwa usimsikilize. Alisema vivyo hivyo kwa mke wa jirani yake Pantaleo, na yule ana watoto watatu sasa.

Habari ya jike: nadhani Bwana Ramani alisema yule mwenye rangi zaidi ndiye jike, kama wanawake wanavyojipamba. Au alisema kinyume. Sikumbuki vizuri. Nilikuwa na chano cha chai mkononi.

Umeniuliza kama ameandika. Bado hajaandika barua ya mkono wake. Barua za meli ni polepole.

Zuwena, ile habari ya mstari unaowaka na kuzimika kichwani nimeisoma mara nyingi. Pale kambini nimewasomea wenzangu, hata Ngassa, mtu wa mashimo ya dhahabu asiyecheka, akasema soma tena. Niandikie nyingine kama hiyo. Usiharakishe mambo ya kuzaa. Tazama tu, uniandikie.

Mumeo,
Sabiti


Shinyanga, 27 Septemba 1937

Sabiti bin Akida,

Salamu. Keti kwanza ndipo usome.

Mtungi wa mama umepasuka. Alikuwa anausogeza ili afagie, ukagonga kizingiti, maji yote chini, na wale waliopauka wakawa wanarukaruka vumbini. Sikuwa na chombo. Niliwaokota kwa upindo wa kanga nikawatupa ndani ya kioo pamoja na wenye rangi. Nikamwambia mama, "Basi, tumekwisha kumharibia mzungu kabila lake."

Asubuhi yake nilikuwa nakuna nazi. Jua likaingia. Mmoja mwenye rangi akafungua mapezi, na safari hii hakumfungulia mwenzake. Alimfungulia yule aliyepauka. Akamzunguka, akampita mbele, akarudi, kichwa kinawaka. Yule mwingine akaingia kwenye majani, huyu naye akamfuata, wakasimama ubavu kwa ubavu wanatetemeka. Nikaacha nazi. Walipotoka nikavuta jani moja, nikaliona: yai, dogo kuliko punje ya mtama, linang'aa kama jasho, limening'inia kwa uzi mwembamba hata nilidhani ni macho yangu. Na jingine. Na jingine.

Hakuna makabila mawili, Sabiti. Wenye rangi ni madume. Waliopauka ni majike. Hata jogoo tunamjua kwa mkia wake, sijui sisi wawili tulikuwa na akili gani. Umetenganisha mume na mke, huyu chumba hiki na huyu chumba kile, halafu umekaa huko Geita unaniuliza mbona hawazai.

Nilimwita mama. Tukacheka hata akakaa chini. Tangu niolewe sijacheka na mama yako hivyo.

Kisha nikaenda stesheni na vitumbua. Niliporudi, mayai hayapo. Nilifikiri nimekosea jani. Nikatazama vizuri, nikamwona mama mtu mwenyewe anadonoa la mwisho. Wanayala. Miezi yote hii, na sasa wanazaa asubuhi na kula mchana. Nililia, nakuambia kweli. Siyo kwa ajili ya samaki.

Nifanye nini? Jibu upesi, mpe Maganga, usingoje posta.

Zuwena


Geita, 6 Oktoba 1937

Mke wangu Zuwena,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, ingawa uliniambia nikae. Ngassa aliniuliza nani amekufa.

Sasa nakumbuka. Alisema, "Weka mbali kidogo, wapate nguvu, halafu pamoja." Nilishika neno mbali, nikaacha kidogo, nikaacha pamoja. Nisamehe.

Nakumbuka pia kwamba yeye alikuwa akitoa majani yenye mayai na kuyatia katika beseni jingine, maji yale yale ya kioo, mbali na wakubwa. Wadogo wakitoka aliwalisha kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kimekamuliwa katika kitambaa hata kikawa kama moshi. Kidogo mno, ama maji yataoza.

Umefanya kazi kubwa. Sijui niseme nini zaidi.

Mumeo,
Sabiti


Shinyanga, 11 Novemba 1937

Kwa mume wangu mpenzi Sabiti,

Assalaam alaykum, na saumu njema. Mvua ya kwanza imenyesha, mbuga zimenuka, na mimi ninayo habari.

Wapo. Wamejaa beseni la kufulia. Mwanzoni sikuwaona, niliona macho tu, macho mawili mawili yanaelea bila mwili. Ukiweka mkono juu ya maji wote wanakimbilia upande mmoja. Wengi walikufa nilipowapa kiini kingi, maji yakanuka, nikamkasirikia kuku aliyetaga yai lile. Sasa nimejifunza: nachukua na maji ya kijani kutoka pipa la uani, hayo ndiyo wanayoyapenda. Hawana rangi hata chembe. Dume na jike hakuna ajuaye mpaka wakue.

Bwana Ramani akija leo atawakuta. Umeahidi mvua za kwanza, na mvua za kwanza ndizo hizi. Kwa hiyo nimeanza mambo yangu. Mwenye nyumba nimemwambia mwisho wa mwezi tunatoka, amepata mpangaji mwingine, karani wa stesheni. Nafasi yangu pale stesheni nimempa binti wa mdogo wake Mwamvua, na chungu cha kukaangia nimempa pia. Mwamvua alilia kidogo. Mama atakuja nasi. Amekwisha funga mikeka, na anauliza kama Geita kuna msikiti karibu. Yale majamvi ya zamani nimeyagawa. Maganga amekubali kupakia kioo katikati ya magunia ya mchele atakaporudi kutoka Masumbwe, atakwenda polepole.

Niambie siku tu. Sabiti, nimechoka kukujua kwa mwandiko.

Mkeo,
Zuwena


Geita, 20 Novemba 1937

Zuwena,

Usitoe nyumba. Kama umekwisha kumwambia mwenye nyumba, nenda umwambie umebadili shauri. Nafasi ya stesheni irudishe. Ngoja kwanza. Nitakueleza.

Sabiti


Shinyanga, 9 Desemba 1937

Sabiti bin Akida,

Hukunieleza. Amenieleza Maganga.

Alikuja kuchukua kioo kama tulivyopatana, hajui lolote. Barua yako ilikuta mpangaji amekwisha lipa, mizigo ilikuwa barazani, mama amekaa juu ya fungu la mikeka. Nikamwuliza Maganga, "Bwana Ramani amekwisha fika au bado?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu. Akasema, "Shemeji, yule harudi. Vitu vyake vilinadiwa tangu kipupwe, mimi mwenyewe nilinunua koti lake la mvua." Alikuwa amelivaa, Sabiti. Alikuwa amelivaa pale pale anaposema.

Kipupwe ni Julai. Julai ndiyo niliyokuandikia maneno ya mama mkubwa wako. Agosti ukanijibu kwamba hajaandika "barua ya mkono wake." Nimeitoa barua hiyo nikaisoma tena. Hukusema uongo hata neno moja. Ulikaa ukapima maneno yako, ukayapanga ili nisiulize zaidi. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kuliko nyumba.

Karani wa stesheni aliingia siku ile ile, na mkewe, na kitanda cha chuma. Sisi tuko kwa Mwamvua sasa, chumba cha nyuma. Mama analala kitandani, mimi chini, na kioo kimekaa juu ya sanduku la nguo, hivyo nikitaka kanga lazima nihamishe samaki kwanza. Nafasi yangu sikuirudisha. Yule binti anakaanga vizuri na ameposwa, nimwambie nini?

Mama ameniomba niandike maneno yake kama alivyoyasema, nami nayaandika: "Mwambie mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye ninayesema ni mwongo."

Niambie kwa nini. Kama una mke mwingine huko, sema. Ningeelewa mke mwingine upesi kuliko hili.

Zuwena binti Feruzi


Geita, 18 Desemba 1937

Zuwena,

Sina mke mwingine. Wala sina nyumba, wala sina bwana wa kunisemea.

Habari ililetwa na karani mwezi wa Julai: Bwana Ramani amepata kazi nyingine kwao, vitu vyake viuzwe. Samaki hakuwataja. Nilikaa na kalamu siku ile ile ili nikuandikie. Ndipo barua yako ikafika, ile ya mstari unaowaka.

Nitakuambia, nawe uhukumu. Kabla ya samaki, barua zako zilikuwa na maneno mawili: lini, na mbona. Ulikuwa na haki, nami nilikuwa sina la kukujibu, nikawa naogopa hata kufungua bahasha. Kisha ukaanza kuniandikia asubuhi yako. Mama amesema hivi, jua limeingia hivi, umechelewa vitumbua. Kwa mara ya kwanza niliona ndani ya nyumba yangu. Nikafikiri, nikimwambia kweli atawamwaga samaki uani na tutarudi kwenye lini na mbona. Nikasema nitangoja mwezi mmoja. Hawatazaa, ataacha mwenyewe, hakuna atakayeumia. Lakini ukawafanya wazae.

Nimekwenda ofisini kuomba chumba cha matofali bila Bwana Ramani. Karani akauliza mimi ni mnyapara? Nikasema ni boi wa nyumbani. Akaendelea kuandika mambo yake. Nilisimama pale mpaka akaniambia nimemzibia mwanga.

Nitafanya nini Shinyanga, Zuwena? Mimi kazi yangu ni kupanga meza. Niambie nifanye lipi, nitafanya. Nitaandika tena Maganga atakaporudi.

Sabiti


Shinyanga, 15 Januari 1938

Sabiti,

Usiandike tena.

Barua yako nimeisoma mara moja. Nimeelewa yote. Unasema ulipenda asubuhi yangu. Asubuhi hiyo ilikuwa hapa. Lori linakuja kila mwezi, na Maganga ni rafiki yako. Ungeweza kuja kuitazama.

Mimi sikuwatunza samaki ili nipate matofali, nilitaka kukaa nawe. Neno la matofali ulilileta wewe, kwa kuwa ulidhani mtu hawezi kuja kwa mkewe bila kitu cha kuonyesha. Ukiwa huna kazi, utakuwa huna kazi hapa. Kuna wanaume wengi Shinyanga hawana kazi, na wake zao wanajua wako wapi.

Kama unataka habari za samaki, hizi ni za mwisho. Wadogo wamekua. Wiki hii wachache wameanza kuvuta wekundu ubavuni, na pezi la juu linakuwa refu. Hao ni madume. Mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni ameomba wanne wakubwa aweke dirishani kwake, nikamchagulia wote wawili wawili, nikampa na wavu, nikamwambia asije akawatenganisha. Wamezaa huko pia. Sasa ameniita niwe nakwenda kubadili maji, na mkewe ananifundisha cherehani. Basi nina pa kwenda asubuhi.

Mama hajambo. Hakutaji.

Sitajibu barua nyingine. Ikija nitampa Maganga airudishe ilikotoka, haijafunguliwa. Mtu akija nitamsikiliza.

Zuwena


Segese, 12 Februari 1938

Zuwena,

Najua umesema hutafungua. Hii haiji kwa Maganga. Nampa mwalimu mmoja wa misheni, Marselino, anayepita hapa kwa baiskeli kwenda Shinyanga, na sitaifunga katika bahasha. Nimemwomba akusomee akiwa mlangoni, kwa hiyo haitakuwa barua, itakuwa ni yeye anasema.

Nimeacha kazi. Nilimpelekea bwana mpya chai, nikasimama mpaka akainua kichwa, nikamwambia jina langu, kisha nikamwambia ninakwenda kwangu. Akagonga meza. Mimi nikatoka.

Lori limezama katika tope la mbuga hatua chache kutoka hapa. Maganga amekwenda kuomba ng'ombe wa kulivuta, na wenye ng'ombe wanasema tungoje maji yapungue. Nimengoja tangu jana. Leo asubuhi nimeona ninarudia yale yale, kukaa mahali na kungoja kitu kingine kinisogeze. Nimechukua kifurushi changu. Nakuja kwa miguu. Barabara imeharibika, sijui nitafika siku gani, usinipikie.

Sina kitu mkononi. Mafuta ya miguu ya mama tu.

Nyumba ya Mwamvua siijui. Ninaukumbuka mji, lakini mlango unaokaa wewe siujui, itanibidi niulize watu. Najua watanijibu, Zuwena anakaa pale, kisha wataniuliza mimi ni nani wake. Nimesafiri na swali hilo tangu Geita. Sijapata jibu ambalo sitaona haya kulisema mbele yako, kwa hiyo nikifika nitasimama nje, na wewe ndiye utakayewajibu.

Sabiti